Daftari la Mzee Kyalo pale Stesheni

Siku hiyo tulikuwa watano kwenye stesheni kuukuu nyuma ya mtaa wetu: mimi, wadogo zangu Wafula na Nekesa, Mama Mueni wa ng'ambo ya reli na cherehani yake, na Mzee Kyalo, aliyeongoza ishara za treni hadi alipostaafu.

Enzi hizo treni zilikuwa zimeacha kusimama pale. Wakazi walifagia chumba cha abiria, watoto wakasoma humo baada ya shule, akina mama wakashona. Wa rika langu mnalikumbuka lile benchi lililong'arishwa na makalio ya wasafiri, mchezo wa kujificha wa brikicho nyuma ya tangi la maji, na uji wa wimbi aliotugawia Mzee Kyalo kwenye vikombe vya bati.

Lakini Mzee Kyalo sikumwamini. Kila aliyeingia alimwandika daftarini, jina na saa. Akitoka, aliandikwa tena.

"Mzee, unatuandikia nini?"

"Treni ikiingia huandikwa, mwanangu. Na sifungi daftari mpaka itoke."

Jibu gani hilo? Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita nifulie watu nguo. Mtaani ilisemekana mayatima wanaandikwa wagawanywe, huyu makao ya watoto, yule kwa shangazi asiyemjua. Mama aliniachia neno moja: "Usiwaache watawanyike." Basi niliwapa wadogo zangu majina ya uongo. Wafula akawa Petero, Nekesa akawa Maria, nami nikasema nimewasindikiza tu, nisiandikwe.

Siku hiyo mzee akauliza, "Maria, nyumbani mnaishi na nani?"

Alipogeuka tu, niliwatoa kwa dirisha la nyuma.

"Dada, hajatuandika tukitoka!" Nekesa akalia.

"Nyamaza, kimbia!"

Mvua ikaanza. Tulikuwa nyumbani tunakula ugali na sukuma tuliposikia sauti ya mzee ikipita mlango kwa mlango. "Jameni, mmemwona Petero? Na Maria je?"

"Petero yupi, mzee? Wa Biblia?" jirani akamcheka.

Nilimziba Wafula mdomo. Kesho yake tulisikia kwamba mzee alifuata reli hadi darajani, akimulika mitaroni. Hatukurudi tena. Hakuna aliyenichukulia wadogo zangu.

Mwaka huu nilienda kuiona stesheni. Imepakwa rangi, ni ukumbi wa jamii. Vijana wa leo wanaandika jina, namba ya simu na hata siku ya kuzaliwa ili wapate mtandao wa bure, wala hawaulizi nani anasoma. Sisi tulimficha jina mzee wa uji.

Daftari lake limehifadhiwa. Kijana wa ukumbi alinifungulia. Petero na Maria, kuingia saa kumi na robo. Kutoka, hakuna kitu. Nikafunua ukurasa uliofuata. Majina hayo ameyanakili tena juu kabisa, na ukurasa wa baada yake, na wa baada yake, hadi daftari likaisha.

Niliomba kalamu.

"Pole, mama, hili haliandikwi tena. Ni la kuangalia tu."

Mzee Kyalo alishafariki. Saa ya kutoka bado nadaiwa.