Carine wa Bagira na Kartoni ya Taa Nyeupe

Carine M'Cirhuza ana kibanda cha mbao Bagira, kando ya kituo cha pikipiki. Ni fundi wa umeme wa pikipiki, na upande ule hakuna mwanamke mwingine wa kazi hiyo. Mteja mgeni humpita kwanza, akitafuta mwanaume. Carine hamwiti. Huendelea kumenya waya kwa koleo mpaka yule achoke kuangaza macho na kuuliza, "Fundi iko wapi?"

"Njo mimi. Leta funguo."

Alifundishwa na baba yake, Cirhuza, aliyetengeneza redio wakati redio ilikuwa kitu cha kutengenezwa, si cha kutupwa. Redio zilipokosa wateja, binti alihamia pikipiki.

Taa ya kwanza ya LED aliyoifunga iliunguza pikipiki ya mtu. Siyo siri, yeye mwenyewe huwaambia wateja. Alichukua umeme moja kwa moja kwenye betri, bila fizible, kile kipande kidogo kinachokatika chenyewe umeme ukizidi. Waya akaupitisha penye shingo ya gidoni, yaani usukani, akaukaza bila kuuachia nafasi. Kila kona iliukwaruza. Siku ya tisa ulichubuka, ukagusa chuma, na moto ukatoka chini ya tangi. Mwenye pikipiki aliruka akapona. Carine aliuzima moto kwa udongo na kwa mkono wake wa kushoto, mkono ambao mpaka leo haufungi ngumi vizuri. Tangu hapo hafungi taa bila fizible, hata kwenye pikipiki ya padri mwenye haraka.

Mwaka huu, katika majira ya mvua, alifika kibandani Willy, rais wa chama cha madereva wa kituo kile, amebeba kartoni. Madereva wake huondoka alfajiri kwenda Walungu, wamebeba wauzaji, na huko juu ukungu hulala barabarani mpaka jua likomae. Ndani ya kartoni mlikuwa na taa ndefu kama mkono, zenye weupe unaoelekea bluu. Mbili kwa kila pikipiki, pikipiki kumi na mbili.

"Maman Carine, Samedi zote zikuwe zimefungwa." Alimaanisha Jumamosi.

Carine aliwasha moja, akaigeuza nyuma na mbele. "Papa Willy, hii inakula umeme mingi. Hizi pikipiki ziko ndogo, dinamo haitaweza. Betri itakufa mbele ya mwezi kuisha. Tena mwangaza yake haina mupaka, inatupa juu, inatupa pembeni. Mwenye anakuja mbele yako hataona kitu."

"Apunguze mwendo."

"Naye amefunga kama hii. Nani atapunguza?"

Madereva walikuwa wamekusanyika. Mmoja, Hervé, kijana mwenye mdomo, akapaza sauti: "Ee maman, wewe uliolewa na fizible?"

"Fizible hailewi, Hervé. Na usiku inalala kwake."

Walicheka mpaka Hervé akavaa kofia yake ya chuma kuficha uso. Willy hakucheka. Ardhi iliyobeba kibanda ni ya chama.

"Samedi," akasema. "Ama utafute fasi ingine ya kusimamisha kibanda."

Nilikuwapo, mzee wa jirani niliyezoea kukaa kwenye benchi la kibanda. Willy alipoondoka nilimwambia Carine afunge tu zile taa, aokoe kibanda. Mimi nilikuwa tandiboi wa malori enzi ambazo madereva wawili wakikutana, kila mmoja alishusha taa zake, na mwenye kuteremka alimpisha mwenye kupanda na mzigo. Hakuna polisi aliyewalazimisha. Ilikuwa aibu kutofanya. Sasa kila mtu amebeba jua lake kifuani, na mwenzake akiungua ni shauri yake. Nilimwambia kwamba kazi safi haina tena mwenyewe katika mji huu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Papa, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nishikie hii waya."

Alikuwa ameiomba pikipiki ya Hervé. Juu alifunga taa mbili za kartoni. Chini, karibu na gurudumu, alifunga mbili ndogo za manjano alizozichagua mwenyewe: za umeme kidogo, mgongo wa alumini wenye mapezi ya kutoa joto, mpira mzima wa kuzuia maji. Kila jozi aliipa fizible yake na kitufe chake. Kisha akasimamisha pikipiki hatua tano kutoka ukutani, akamkalisha Hervé juu yake, maana uzito wa mtu hushusha nyuma na kuinua taa za mbele. Alichora mstari wa chaki ukutani kwa kimo cha taa za manjano, akazishusha kidogo kidogo mpaka mwanga wote ulale chini ya mstari. Ilichukua saa nzima. Hervé alilalamika mgongo. Akaambiwa atulie kama anapigwa picha.

Halafu akamwendea Willy. "Président, kesho asubuhi panda barabara ya Walungu polepole. Hervé atateremka mbele yako, amewasha zile nyeupe. Ukimwona vizuri na taa zako, ninafunga zote kumi na mbili."

Sikwenda, Hervé ndiye aliyenieleza. Ukungu ulikuwa mzito. Alipowasha taa nyeupe, ukungu wote uligeuka shuka mbele ya macho yake mwenyewe, hata gurudumu lake hakuliona. Akasimama. Kutoka chini akasikia sauti ya Willy: "Zima! Zima, mujinga weye!" Willy alikuwa ameingiza gurudumu mferejini, kiatu kimoja matopeni, mkono machoni. Hervé akazima, akabonyeza kitufe cha pili. Mwanga wa manjano ukalala barabarani: mawe yakaonekana, ukingo wa majani ukaonekana, na Willy akaona pikipiki na mtu aliye juu yake.

"Ni ukungu ya leo tu," Willy akasema.

Samedi ilipita bila taa kufungwa, ila mbili ambazo Willy alijifungia mwenyewe kwenye pikipiki yake. Jumapili, baada ya misa, chama kilikutana ukumbini; Carine aliitwa, nami nikamsindikiza. Willy alianza kuzungumzia kibanda. Hervé akasimama. "Mimi zile nyeupe sizitaki tena. Na kibanda ikitoka, ninaifuata kwenye itaenda."

Wengine saba wakasimama naye. Wanne walibaki wamekaa. Mmoja alisema nyeupe ndizo wateja wanazipenda. Willy aliwapitishia macho wote, mmoja mmoja.

"Kibanda ibakie," akasema. "Kartoni nitaona namna."

Nilidhani Carine angeshukuru na kukaa kimya, kama ambavyo mimi ningefanya. Lakini nje, kwenye pikipiki ya Willy, zilikuwapo bado zile mbili alizozifunga kwa mkono wake.

"Na yako, président? Nitazitoa lini?"

Willy aliangalia mlango. "Kesho, Lundi."

"Saa ngapi?"

"Maman, nimesema Lundi!"

"Saa mbili. Ukichelewa utapanga mustari nyuma ya Hervé."