Somo la Watoto wa Bethlehemu

Tangu katekista Hilaire aitwe na watu wa usalama asirudi, kikundi cha Injili cha Panda, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kiliongozwa na Marceline, mke wa fundi wa kuchomelea. Majina ya ubatizo yalikwisha kupigwa marufuku na serikali, na sasa Noeli nayo ilikuwa siku ya kazi. Watu walisali huku macho yakiwa mlangoni.

Alasiri ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, mwanamume mgeni aliingia akaketi nyuma, beji ya chama tawala kifuani. Marceline alisoma habari za Herode, aliyeua watoto kwa kuhofia kiti chake. Philomène, mke wa Hilaire, akaanza kulia kimya kimya.

“Mama,” mgeni aliuliza kwa upole, “ni nani alichagula hii somo?”

“Shiye hatuchagulake, citoyen,” alijibu Marceline, akimwita “mwananchi” kama serikali ilivyoamuru. “Kanisa ndiyo inapanga. Leo wakristu ba dunia yote banaisoma.”

“Na ule Herode ni nani?”

“Mufalme wa Yudea. Alikufa zamani.”

“Sasa ule mama analilia nini?”

Marceline alijua angeweza kuishia kwa Herode wa kale. Lakini Hilaire alikuwa amewafundisha kwamba kwanza unatafuta mwandishi alitaka kusema nini, kisha unauliza neno hilo linadai nini kwako leo. Na hulipindi upendavyo, unalisoma pamoja na Kanisa lote, walio hai na waliotangulia. Kuishia katikati kulikuwa ni kulipinda neno vilevile.

“Kanisa inafundisha hivi,” alisema. “Muntu yeyote mwenye kuua juu ya kulinda kiti yake, anafwata njia ya Herode. Na Mungu anasikia bamama benye kulia.”

Mgeni alitabasamu. “Munaeleza muzuri, mama. Jina yenu?”

Alimtajia lile la ubatizo.

Kabla ya mwezi kwisha, mumewe alihamishiwa machimbo ya chokaa ya Kakontwe bila maelezo. Kisha Marceline mwenyewe akaitwa. Walimuuliza mfululizo ni nani aliyempa tafsiri ile, naye akajibu vilevile kila mara: Kanisa. Walimwachia jioni, wakamwambia wanapajua kwake.

Wengi waliacha kuja. Philomène hakuacha. Hilaire hakuonekana tena, wala hakuna aliyethubutu kuuliza alikozikwa. Jumapili moja, wanawake hao wawili wakifungua Injili jikoni kwa Marceline, gari lisilo na namba lilisimama ng'ambo ya barabara, injini ikinguruma.

Marceline alisogeza kiti karibu na Philomène, akaanza kusoma kwa sauti ya kawaida.