Kiberenge Ambacho Hakuna Aliyekiona

Ualimu umenipa maudhi ya kila namna, lakini hakuna yaliyonikaa rohoni kama yale ya kiberenge. Watu wazima wenye macho yao na akili zao timamu waliishi kandokando ya tuta la reli. Walilima juu yake, wakafunga mbuzi kwenye ukingo wake, kisha wakanitazama usoni na kuniambia kwamba pale hapajawahi kuwa na reli. Hata leo nikikumbuka nachemka.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi, upande wa Kakamega, nikamfuata mume wangu Nairobi. Yeye alikuwa karani katika ofisi za reli mjini. Mimi nikapata kazi katika shule ya kanisa nje ya jiji, ng'ambo ya Woodley, pale ambapo nyumba mpya za wazungu ziliishia na mahindi ya Wakikuyu yakaanza. Kanisa lilitupa nyumba ndogo nyuma ya shule. Nilifundisha darasa la nne, na shule yenyewe iliishia hapo hapo. Mtoto aliyetaka la tano ilimbidi aende shule ya mbali, na siku zile mtoto wa Kikuyu hakwenda mbali hivi hivi. Kulikuwa na pasi za ruhusa ya kusafiri, vizuizi barabarani, na wazazi waliokwisha kupoteza watu wa kutosha. Wasichana wangu hodari waliishia kuwa yaya, kubeba watoto wa wazungu huko Lavington.

Ndipo mwalimu mkuu akatuletea habari. Shule moja tu ya upande wetu ingepewa darasa la tano, na mkaguzi angekuja kusikiliza masomo kabla ya kuamua ni ipi. Mkaguzi huyo, mzungu, alikuwa amechoka kusikia watoto wakiimba majina ya wafalme wa Uingereza. Alitaka historia ya mahali, mambo ambayo mtoto anaweza kuyaona akitoka nje ya mlango.

"Tufundishe wafalme tu," mwalimu mkuu akasema. "Wafalme hawana matata."

Alikuwa mtu mwoga kupindukia, mwenye kufunga vifungo vyote vya koti hata jua la mchana linapowaka. Nikamwambia aniachie mimi. Kitu cha kufundisha nilikuwa nacho tayari.

Kila nilipokwenda dukani nilipita juu ya tuta la udongo lililokatiza mashamba. Lilikuwa limenyooka kupita kiasi. Njia ya watu huzunguka mti, huzunguka jiwe, huzunguka shamba la mtu mkali. Tuta lile halikuzunguka kitu. Nilimuuliza mume wangu, naye akauliza wakubwa wake kazini, akarudi na jibu: zamani, baada ya vita ile ya kwanza, palikuwa na kiberenge, reli ndogo ya kuteremsha mawe ya kujengea kutoka kwenye machimbo. Iliishi miaka michache tu. Malori yalipofika, vyuma vikang'olewa, na habari yake ikaisha.

Nawaambieni, somo lile lilikuwa tamu. Nililaza kamba mbili uwanjani, moja hapa na nyingine hatua moja ya mtu mzima kutoka pale, nikawaambia watoto hiyo ndiyo njia. Wakacheka. Reli waliyoijua ni ile kubwa ya mjini. Nikawauliza kwa nini mtu ajenge reli nyembamba namna hii. Msichana wa benchi la mbele, mtoto mwembamba asiyekosa siku hata ikinyesha, akainua mkono.

"Kwa sababu hiyo inaweza kupita kona kidogo, mwalimu. Na wakimaliza kazi wanaweza kuing'oa wapeleke mahali ingine."

Nilitaka kumkumbatia. Sikuwa nimewafundisha hilo. Alikuwa amelifikiria mwenyewe akiangalia kamba. Baba yake alikuwa kizuizini, mama yake amefariki, na alilelewa na nyanya yake ambaye shamba lake lilipakana na tuta. Nikajiambia kwamba la tano likija, litakuja kwa ajili ya huyu.

Basi nikawapa kazi ya nyumbani. Kaulizeni wazee. Nani alifanya kazi kwenye kiberenge? Alikuwa na nani? Walilala wapi? Vyuma vilipong'olewa vilikwenda wapi? Niliwaambia waulize vizuri, kwa adabu, walete majibu kesho.

Kesho yake mtoto wa kwanza akasimama. "Baba anasema hajui."

Wa pili: "Shosho anasema hajui."

Wa tatu akasema mjomba wake hajui, na kwamba hata yeye mwenyewe sasa hajui. Darasa zima, benchi baada ya benchi. Nikauliza, tuta je, limeota lenyewe? Mvulana mmoja akajibu bila aibu kwamba baba yake amesema ni Mungu. Yule msichana wa mbele, nilipomfikia, aliangalia miguu yake. "Nyanya hajui," akasema, sauti haisikiki.

Niliwarudisha mara ya pili na maswali yale yale. Wakarudi na majibu yale yale. Na wiki ile ile watu wakashikwa na wazimu wa kukandika. Kila boma nililopita, wanawake walikuwa wameinama na udongo na samadi mikononi, wanakandika nguzo za lango, wanakandika vizingiti, wanakandika hata miguu ya ghala za mahindi ambayo tangu nifike sijaona mtu akiigusa. Nikasalimu, wakaitikia kwa mbali. Nikafikiri labda kuna harusi.

Mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa ametembelewa na wazazi.

"Mwalimu, achana na reli."

"Kwa nini?"

"Watu hawapendi."

"Hawapendi nini? Treni ya mawe iliyokufa kabla sijajua kusoma?"

"Hawapendi," akarudia, akashika kifungo cha koti. Alikuwa Mkikuyu, mzaliwa wa pale pale, na sasa najua kwamba alielewa kila kitu. Kunieleza angenieleza kwa maneno machache tu. Akapenda kuangalia dirishani. Nilitoka ofisini mwake nikiubamiza mlango, na somo sikuliacha, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja na sikuwa na lingine.

Alifika asubuhi yenye jua kali, na homugadi, askari mgambo wa serikali, mwenye bunduki nyuma yake, maana hakuna kundi lililotembea siku zile bila kulindwa au kuchungwa, vyovyote utakavyoita. Nikafundisha. Watoto wakajibu vizuri yote yaliyohusu kamba, mawe na mteremko. Mkaguzi akafurahi. Alikuwa na Kiswahili kile cha shambani cha wazungu, na hata watoto waliomjibu kwa Kiingereza safi aliwarudishia kwa hicho hicho.

"Mzuri sana. Sasa mimi nataka ona hii reli. Iko wapi?"

Tukatoka. Mkaguzi mbele, mimi kando yake, watoto wawili wawili, homugadi nyuma, na mwalimu mkuu nyuma kabisa, jasho linamtiririka. Tulifuata tuta mpaka lilipopita ukingoni mwa boma la nyanya yake yule msichana. Mwenyewe alikuwa amesimama kando ya ghala lake, mikono ameifunga mgongoni.

"Mama," mkaguzi akamwita, "zamani gari moshi kidogo napita hapa?"

"Hapana, bwana."

"Wewe nakaa hapa siku mingi?"

"Tangu niolewe."

"Na hapana ona reli?"

"Sijaona."

Mkaguzi akanigeukia, nyusi juu. Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia ghala. Udongo waliokuwa wameukandika ulikuwa umekauka upesi kwa jua lile, ukapasuka, na kwenye mguu mmoja kipande kizima kilikuwa kimebanduka. Ndani yake palikuwa na chuma. Si bomba wala nondo. Kilikuwa chuma cha reli, chembamba, na umbo lake lile lile nililolichora ubaoni. Ghala lote lilikuwa limesimama juu ya vipande vya reli ili mchwa wasipande, na nadhani nusu ya nguzo za kijiji kile zilikuwa hivyo hivyo.

Ushahidi wangu ule pale! Kunyoosha kidole tu, na darasa la tano letu. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono nilipomwona homugadi akizungukazunguka boma, anachungulia jikoni, anapiga kuta kwa kitako cha bunduki kwa mazoea tu. Siku zile kipande cha chuma kikikutwa nyumbani kwa mtu kilitosha kumfanya aulizwe ni bunduki gani anatengeneza, na kwa ajili ya nani. Na huyu mwanawe alikuwa kizuizini tayari. Mkono wangu ukaishia kurekebisha kitambaa kichwani.

Mkaguzi hakukata tamaa. Akainama kwa yule msichana, kwa kuwa ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote.

"Wewe toto, wewe nakaa hapa. Sema kweli. Wewe napata ona chuma ya reli, hata moja?"

Msichana alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye ghala. Aliuona ule udongo ulioanguka. Niliyafuata macho yake yakienda pale na kurudi. Alijua mkaguzi amekuja kwa sababu gani, maana nilikuwa nimewaambia wote, kwa kujigamba, wiki nzima. Alijua la tano ni nini na Lavington ni nini.

"Hapana, bwana," akasema. "Mwalimu alituambia tu."

Na watoto wote nyuma yake, ambao walikuwa wakicheza chini ya lile ghala tangu wajue kutembea, wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyechungulia upande ule. Mkaguzi akakunja uso, akasema ni hatari kufundisha watoto ngano na kuziita historia, tena mbele yangu, tena kwa kile Kiswahili chake. Shule iliyopata darasa la tano ilikuwa ile ya kanisa jirani, ambako walifundisha aina za udongo. Udongo! Nililia kwa hasira jikoni kwangu, na mume wangu alipojaribu kunifariji nikamfokea naye.

Jumamosi iliyofuata nyanya akaja kwangu. Akaketi bila kukaribishwa, akafungua fundo la kanga, akatoa viazi vitamu, akaviweka mezani.

"Mwalimu, ile gari ilikuwa."

"Najua ilikuwa!" Nilipiga kelele mpaka mtoto wangu akaamka.

Akangoja nitulie, kisha akanipa yote, mimi nikiwa sina tena wa kumpa. Ilishuka yenyewe, mtu mmoja amekaa juu akishika breki, na kupanda ilisukumwa na watu, wanawake pia. Mvua ikinyesha iliruka njia, mawe yakamwagika kwenye mashamba, na watu wakatoka kuja kucheka. Vyuma vilipong'olewa vipande vilibaki kwenye nyasi, kila mtu akajichukulia. "Haikuwa kitu," akasema. "Ilikuwa kelele tu."

"Sasa kwa nini hukusema nilipouliza? Mara mbili nilimtuma mtoto!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Wewe ni mtu wa mbali, mwalimu. Hawakukuchuja kama sisi, kutafuta nani ni Mau Mau. Hiyo maswali yako ndiyo yao. Nani alikuwa huko, alikuwa na nani, walilala wapi, vitu mlificha wapi. Kijana yangu aliulizwa hiyo hiyo, hapo barabarani, mtu amefunikwa gunia kichwa amesimama kando, anawaonyesha nani wa kushikwa. Alidhani akijibu watamwacha. Akajibu yote."

Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani na sikujua nimpe nani. Nilimkasirikia mwalimu mkuu, nikamkasirikia mkaguzi, nikamkasirikia hata yule mwenye gunia ambaye sikuwahi kumwona.

"Huyu mtoto sasa hana la tano," nyanya akasema.

"Hana."

"Alikataa hiyo chuma kwa sababu yangu."

"Nilimwona."

"Basi mfundishe wewe."

Nikamweleza. Sina vitabu vya la tano. Sina ruhusa, kanisa likijua nitafukuzwa, na nyumba hii ni ya kanisa. Nina mtoto mchanga na mume asiyejua hata kuchemsha chai. Nimechoka, nikamwambia, nimechoka na nyinyi nyote. Alisikiliza yote kwa utulivu, mikono mapajani, na nilipomaliza hakuinuka. Viazi vilikuwa pale mezani kati yetu. Alikuwa tayari kukaa mpaka Jumapili.

"Aje Jumatatu," nikasema. "Baada ya shule. Na akichelewa nitamfukuza."

Nyanya akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akafungua mlango. Nje, kwenye nyasi, karibu nusu ya darasa la nne walikuwa wameketi wakingoja jibu, miguu imeoshwa na kupakwa mafuta, msichana wa benchi la mbele katikati yao. Viti ndani ya nyumba vilikuwa viwili.