Namba Nane Wawili wa Manyamanyama

Enzi zetu, kabla watu hawajaanza kubishana kwa vidole gumba, ubishi wa mpira ulikuwa kazi ya mdomo na miguu. Ulianza asubuhi kwenye mchakamchaka, ukaendelea kisimani, ukaishia jioni mnapochambua pamba. Na kesho yake, yule mchezaji uliyemsema vibaya ulimkuta njiani na jembe begani, ukamwamkia shikamoo kama vile hujawahi kulitaja jina lake. Mliokulia Bunda miaka ile ya vijiji vya ujamaa mnanielewa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja, jina langu Nyangeta, na nilijiona mtaalamu wa pasi kuliko watu wote waliokuwa hai kati ya Musoma na mbuga ya Serengeti.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya karibu na Manyamanyama. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kule tulikotoka, baba angeweza kukohoa na jirani asisikie. Hapa ukikohoa, balozi wa nyumba kumi anakupa pole bila kutoka ndani kwake. Wazazi walilalamika. Malisho ya ng'ombe yalikuwa mbali, mashamba ya pamba mbali zaidi, na mama hakuzoea kupika huku mtaa mzima unajua ana mboga gani. Mimi nilifurahi, maana kiwanja cha mpira kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, pembeni mwa ghala la pamba. Magoli yalikuwa ya mikaratusi. Ng'ombe walipita katikati ya mchezo na hakuna refa aliyethubutu kuwapulizia filimbi.

Timu yetu ilikusanya vijana wa vijiji vyote vya jirani, na ilikuwa na namba nane wawili. Siku hizi mnasema kiungo. Sisi tulisema namba nane, yule anayekaa katikati na kuwagawia wenzake mpira. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mafuru, mtu wa Kiriba kule ziwani, aliyetufundisha hesabu. Mwalimu alipiga pasi ndefu. Mpira ulipanda, ukapotea kwenye jua, watu wote wakanyamaza na kutazama juu, kisha ukashuka upande wa pili wa kiwanja. Wa pili alikuwa Wambura, dereva wa trekta la kijiji, kijana mkimya aliyetembea kama mtu anayeogopa kukanyaga mche. Yeye alipiga pasi fupi. Alipokea, akampa wa karibu, akasogea, akapokea tena, akarudisha nyuma. Ulipokuja kushtuka, mpira ulikuwa palepale ulipokuwa, ila wapinzani watatu walikuwa wameachwa njiani.

Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu. Nilikuwa na sababu nyingi za kitaalamu, na nilizitoa hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Sababu ya kweli ni kwamba siku moja nilipatia hesabu za sehemu, naye akaniambia mbele ya darasa, "Nyangeta, una jicho." Alikuwa anasema jicho la hesabu. Mimi nikalihamishia kwenye mpira, nikalitumia mwaka mzima.

Dada yangu Wegesa, aliyenizidi miaka minane, alikuwa wa Wambura. Tulibishana tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua pamba, safi huku, fifi kule. Fifi ndiyo ile pamba iliyoliwa na wadudu, yenye madoa, inayouzwa kwa bei ya huruma.

"Wambura anarudishaga nyuma," nilimwambia. "Mchezaji gani anaogopa mbele?"

"Haogopi. Anaangaliaga kwanza."

"Anaangalia nini mpaka jua linazama? Mwalimu anaona mtu aliye mbali kabisa, ambaye hata sisi tuliokaa hatujamwona."

"Wambura anageuza shingo mara mbili kabla mpira haujamfikia. Hujawahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Nikaokota donge chafu la pamba, nikalitupa kwenye fungu lake. "Wambura ni fifi," nikasema, na nikaona nimemaliza mjadala.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angejiuliza msichana wa miaka kumi na tisa amejuaje kijana fulani anageuza shingo mara ngapi. Mimi mtaalamu sikujiuliza. Nilidhani nashindana na mpenzi wa soka. Hata alipoanza kwenda kisimani kwa njia inayopita pale trekta linapoegeshwa, ambayo ni ndefu mara mbili, nilimwambia mama kwamba dada Wegesa ameanza kusahau njia.

Msimu ule timu yetu ilialikwa Butiama. Tulikwenda juu ya lori la pamba, tukiimba mpaka koo zikakauka, na mimi niliruhusiwa kwa sababu baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa anakwenda, na yeye pia alikuwa wa Mwalimu Mafuru. Kipindi cha kwanza alicheza Mwalimu. Pasi zake zilikuwa nzuri kutazama. Moja ilifika kwa mtu wetu. Moja ilimpiga ndama ubavuni. Nyingine zilifika kwa watu wa Butiama, ambao walizipokea kwa shukrani. Mimi nilizipigia makofi zote, hata ile ya ndama. Kipindi cha pili akaingia Wambura, akaanza yale mambo yake ya hapa na hapa, na kabla ya mwisho akamtengea winga wetu mpira mbele ya goli kama mtu anayemwekea mgeni kiti. Tukashinda moja bila.

Njiani kurudi nilieleza, kwa sauti ya kusikika juu ya injini, kwamba goli lile lilikuwa la Mwalimu, kwa kuwa pasi zake ndefu ndizo zilizomchosha golikipa wa Butiama kutazama juu. Baba mkubwa alikubali. Watu wengine kwenye lori walitazama mashamba.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili baada ya kanisa, walikuja wageni kwetu. Baba alikuwa amevaa shati lake la Pasaka na mama alikuwa amechinja jogoo, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa tu kwamba ni wageni, nichukue birika na beseni niwanawishe mikono. Walikuwa wazee wawili: baba yake Wambura, na mjomba wake, mtu mrefu wa maneno machache aliyekuja kama msemaji. Walikuja kumposa Wegesa. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri. Yule mjomba, katika kutafuta neno jema la kumwambia mtoto anayemmwagia maji, akaniuliza, "Na wewe, mjukuu wangu, kijana wetu Wambura unamfahamu?"

Niseme ukweli: hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba maoni yangu kabla ya siku ile. Nilishusha birika.

"Namfahamu," nikasema. "Anarudishaga sana nyuma. Ni mwoga. Mwalimu Mafuru ni bora kuliko yeye, ana jicho. Hata baba mkubwa anasema. Hapa kwetu wote tunamtaka Mwalimu Mafuru. Wambura ni fifi."

Maji yaliendelea kudondoka kutoka mikononi mwa yule mzee. Mama, mlangoni na sahani ya ugali, hakuingia wala hakutoka. Baba alifungua mdomo, lakini baba mkubwa, Mungu amrehemu, alimtangulia. "Kuhusu Mwalimu, mtoto anasema kweli," akasema. Yeye alikuwa anazungumzia mpira. Mjomba wake Wambura hakuwa anazungumzia mpira.

"Kumbe mna mwalimu wenu," akasema taratibu. Akafuta mikono kwenye suruali. "Mngetuambia mapema. Tumetembea bure." Akasimama, baba yake Wambura naye akasimama, na wakaondoka bila kugusa chakula. Baba aliwafuata mpaka barabarani akieleza. Nyumba zetu zilikuwa za mstari, kwa hiyo kila mlango ulikuwa na mtu wa kusikiliza anavyoeleza.

Baba hakunipiga. Alirudi akakaa, akanitazama kama mtu anayetazama mvua ya mawe inavyoshuka kwenye pamba yake. Wegesa alitoka chumbani akiwa amevaa gauni lake jipya, akapita mbele yangu, akachukua kapu, akaenda kuchambua pamba akiwa na gauni hilohilo. Hakusema nami siku ile, wala wiki ile. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, na akitaka chumvi alimwomba mama, hata kama chumvi iko mkononi mwangu. Jogoo yule tulimla wenyewe. Sijawahi kula nyama ngumu kama ile.

Mama ndiye aliyesema. "Uliwafukuza kwa mdomo wako mwenyewe, sasa utakwenda nao. Utaenda kwao kuomba msamaha. Na kwanza uende kwa mwalimu wako, umwambie umemfanya mchumba wa mtu."

Akanivalisha gauni langu la kanisani. Nilimkuta Mwalimu Mafuru ofisini, amevaa miwani yake mizito, anasahihisha madaftari. Nilimweleza yote nikitazama vidole vyangu vya miguu. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Nyangeta, mimi nina mke Kiriba, na mtoto," akasema. "Akisikia haya nitajieleza vipi?" Kisha akavua miwani na kuifuta. "Na hilo jicho unalonisifia, umelitoa wapi?"

Nikamkumbusha pasi zake ndefu, jinsi anavyowaona watu wa mbali.

"Siwaoni," akasema. "Miwani hii niliipata hospitali ya Musoma baada ya kuingoja miezi. Siwezi kuchezea nayo, ikivunjika nitawafundishaje? Naiacha hapa mezani. Nikiwa uwanjani, mtu aliye hatua kumi simjui kama ni wetu au ni wa kwao. Basi nasikiliza kelele za watazamaji ziko wapi, napiga kuelekea huko."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nilikuwa nimeviambia vijiji vitatu kuhusu jicho la mtu ambaye alikuwa haoni. Na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote, kwa hiyo inawezekana nusu ya zile pasi zilikuwa zinaletwa kwangu.

Tulikwenda naye Manyamanyama, kwao Wambura, siku hiyohiyo, yeye akisukuma baiskeli, mimi nyuma. Wambura alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana. Alipotuona alinawa mafuta kwa mchanga, akatupeleka kwa wazee. Mwalimu akasema la kwake: ana mke, hajawahi kupeleka posa popote Bunda, na mjadala ulikuwa wa mpira tu. Akaeleza na habari ya miwani, mbele ya kijana aliyekuwa anashindana naye nafasi. Nilitamani asiseme.

Halafu mjomba akanigeukia. "Na wewe. Ulitumwa na wakubwa, au ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mwenyewe, babu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, mazuri, yenye heshima. Yote yalikimbia. "Mpira siujui," nikasema. "Nilikuwa nataka nionekane naujua."

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniumiza zaidi. Wambura mwenyewe akakohoa. "Ile ya kurudisha nyuma, mtoto hakudanganya," akamwambia mjomba wake. "Narudishaga. Ile ya uoga ndiyo sikuipenda." Akaniangalia. "Dada yako hajambo?"

Nikamwambia hajambo, ila hasemi nami. Nikaona amefurahi kidogo, na sikumlaumu.

Wazee walirudi kwetu pamba ilipokaribia kwisha. Safari hiyo nilipelekwa kwa bibi siku mbili kabla, na baba mkubwa alipewa kazi ya kwenda kutafuta ndama ambaye hakuwa amepotea. Jioni niliporudi, Wegesa alikuwa kwenye mkeka na fungu la mwisho la pamba. Nilikaa mbali kidogo. Tulichambua muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Sogeza kapu." Nililisogeza haraka mpaka likamwagika.

Walifunga ndoa kanisani, na Mwalimu Mafuru ndiye aliyesimama na bwana harusi. Timu ilikuja yote. Mimi niliombwa niimbe tu, nisitoe hotuba.

Leo wajukuu wangu wanabishana sebuleni hapa Bunda kuhusu viungo wa Ulaya. Kila mmoja ana simu, na kwenye simu kuna asilimia za pasi, picha yenye mistari, sijui ramani ya joto. Wanamwita mtu mzima wa watu mzigo, kopo, gari bovu, naye yuko kwao amelala, hatasikia kamwe. Wakishindwa hoja wanacheka na kuagiza chipsi. Hakuna anayevalishwa gauni la kanisani kwenda kumwomba mtu msamaha kwa miguu. Mjukuu wangu mmoja aliniambia kwa upole, "Bibi, zamani hamkuwa na takwimu." Kweli hatukuwa nazo. Tulikuwa na wachezaji, na walikuwa wanatudai salamu.

Wambura ametutoka. Mwalimu Mafuru alirudi Kiriba alipostaafu, akazikwa hukohuko karibu na ziwa. Kiwanja kimejengwa nyumba. Hakuna picha hata moja ya wale watu wawili wakiwa na mpira, na wenzetu tuliokuwa nao kwenye lori la Butiama wanazidi kupungua kila mwaka. Wajukuu wakiuliza Wambura alikuwaje, Wegesa ananiachia mimi nisimulie. Basi nasimulia: alikuwa mkubwa, alikuwa anaona kila mtu, sijaona tena namba nane kama yule. Wananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, wanatazamana, kisha wanarudi kwenye simu zao, na siwezi kuwalaumu. Katika kijiji chote kile, shahidi aliyebaki wa kusimulia ndiye mimi, niliyemwita fifi.