Kitu Kilichombeba Mama

Kwii-kwii, kwii-kwii. Kamba ikisugua mti. Sauti ile naisikia hata leo nikifumba macho, na nikiisikia naona ukungu umelala juu ya mashamba ya mpunga, nami natembea ndani yake kama mtu aliye katika ndoto.

Mama alikuwa na homa, miguu imemkataa, na tulikuwa tunamtoa Kabambare kumpeleka Kasongo kwa dada yake. Mjomba alichukua kitanda chetu cha kamba, akakifungia miti miwili mirefu, wapagazi wanne wakakitia mabegani. Jua lilipoanza kuchoma tukamfunika mama kwa merikani nyeupe.

Basi njia nzima ikawa ubishi wa jina. Mimi nilikiita machela, maana katika mawazo yangu mama alikuwa mke wa sultani anapelekwa kwa mumewe. Mjomba, aliyewahi kufika pwani na hakuacha mutu asahau, akanisahihisha. Machela, alisema, ni nguo iliyoning'inizwa kwenye mti mmoja. Hiki kina miti miwili na miguu minne, kwa hiyo ni kitanda, na asiyejua aulize.

Mkubwa wa wapagazi, mtu wa kabila la Wabangubangu mwenye masihara, akacheka. "Bwana, kitanda kinakaa nyumbani. Kikitoka na mutu amefunikwa juu yake, iko na jina lingine."

Jina lenyewe hakulitaja. Chini ya merikani mama hakujigeuza tena.

Karibu na Kasongo, watu wakatuona kutoka mashambani. Kwetu jeneza halipiti mbele ya Mwislamu bila yeye kulitia bega, hata hatua chache, apate thawabu. Wakaacha majembe, wakanawa matope, wakaja mbio na kuingiza mabega chini ya miti, wakitamka shahada polepole. Wapagazi walifurahi kupumzika. Mjomba alifuata nyuma akiwaeleza tofauti ya kitanda na jeneza, mguu kwa mguu, wala hakuna aliyemsikiliza.

Mkono wa mama ukatoka chini ya nguo, ukanishika.

"Mwanangu, nimekufa, na hamukuniambia?"

Shahada ikakatika. Mwanamume mmoja akaachia mti, akaruka hadi kwenye mpunga. Wengine wakamshusha mama chini taratibu. Nikamwambia yuko hai, ni watu tu wamekosea.

"Watu wote hawa?" akasema mama, na macho yake yakaanza kufumbika, kama aliyekubali.

Nyuma yangu ubishi ulikwisha kuanza upya: je, bega ulilomtilia mutu aliye hai lina thawabu au halina? Mjomba alikuwa na jibu refu.

Nikawaacha. Nikafungua furushi langu, nikatoa kisutu, nguo nyekundu niliyokuwa naiwekea harusi yangu. Nikaivuta merikani, nikamfunika mama kwa kisutu mpaka kidevuni, uso nikauacha wazi, na pembe za kisutu nikazifunga kwenye miti, moja baada ya nyingine.