Siku Bahari Yangu Ilipowanyeshea Wakwe wa Jirani

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na nikilikumbuka nikiwa jikoni peke yangu huwa nafunika uso kwa mikono ingawa hakuna anayeniangalia, lakini leo acha niliseme lote, na mkitaka kucheka mcheke tu.

Naishi mtaa wa Jamhuri, ghorofa ya tatu, mwaka wa nne sasa. Majirani huniita Baba Brenda, na Brenda mwenyewe anaishi na mamake Eldoret na hajawahi kulala hapa hata siku moja. Nikitoka ofisini mjini narudi, nafungua mlango, nawasha taa, basi. Ndiyo maana nilianza habari ya samaki wa baharini, nikijiambia kwamba mtu akiwa na bahari sebuleni watu watakuja kuiona. (Hawakuja. Mlinzi wa langoni alikuja mara moja, akauliza kama wanaliwa.)

Sasa, samaki wa maji ya chumvi hawataki mchezo. Chini ya tangi lao, ndani ya kabati, unahitaji tangi la pili la kusafishia maji, wenyewe huliita sampu: maji yanateremka kwa paipu moja, yanapita kwenye vichujio, halafu pampu inayarudisha juu kwa paipu nyingine, mchana na usiku. Langu nililijenga na Fundi Wafula, ambaye kazi yake ni vyoo na masinki ya nyumba za Lavington na alikuwa hajaona kitu kama hicho maishani, lakini alikielewa kuliko mimi. Tulikata vioo, tukavibandika kwa silikoni, tukaunga paipu, na tulipomaliza akachora mstari mwekundu katikati ya sampu.

"Mzee, maji isipite hapa," akaniambia. "Stima ikipotea pampu inasimama, na ile maji ya juu inarudi chini na hizi paipu. Lazima ipate nafasi ya kuingia. Umeskia?"

"Nimesikia, fundi."

Na kweli nilisikia. Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa Nairobi, na mtu wa Nairobi hawezi kuona chombo cha maji kiko nusu akapata usingizi. Kwetu maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, na yakija unajaza mitungi, unajaza ndoo, unajaza masufuria, ungeweza ungejaza hata viatu. Ile nusu tupu ilikuwa inaniwasha. Basi Jumamosi moja asubuhi nilikuwa na mitungi miwili ya maji niliyokwisha kuyachanganya na chumvi, nikaona kuyamwaga ni dhambi, nikayamimina yote kwenye sampu mpaka ukingoni, nikafunga kabati nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida. Mama Nekesa, mjane anayeishi chini yangu moja kwa moja, alikuwa anapokea wageni wa kuja kumposa binti yake, na kaka zake waliotarajiwa kutoka Bungoma walikuwa wamekwama njiani. Kupokea wakwe bila wazee ni aibu, kwa hivyo alipanda ngazi akabisha mlango wangu (mlango wangu!) akasema, "Baba Brenda, nakuomba uje ukae na sisi kama mjomba wa msichana. Si lazima uongee sana."

Nilivaa suti. Nilinyoa ndevu mara mbili. Sitaficha, nilifurahi karibu nilie, kwa sababu tangu nihamie pale hakuna mtu aliyekuwa amenihesabu kuwa wake.

Wageni walikuja saa nane, wakakaa, soda zikazunguka, na mimi niliyeambiwa si lazima niongee sana nikaongea. Niliwaeleza habari ya tangi langu tangu kioo cha kwanza. Mjomba wa bwana harusi, mzee mkubwa mwenye upara na koti la kahawia, alipendezwa.

"Kwa hivyo wewe uko na bahari hapo juu?"

"Bahari kamili, mzee, na chumvi yake!" nikajibu, nikionyesha dari kwa kidole. Watu wakacheka, nikajisikia mtu.

Stima ikapotea. Hakuna aliyeshtuka, ilikuwa mchana, na hata mimi niliendelea na hadithi yangu. Baada ya kama dakika kumi tone moja likatoka kwenye tundu la taa, likaanguka tap! kwenye upara wa yule mzee. Likafuata la pili, kisha yakawa yanatiririka.

Nilijua papo hapo. Na hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Ni maji yangu, mnisamehe." Badala yake nilisimama na suti yangu nikasema kwa sauti, "Ni huyo nesi wa ghorofa ya nne! Maji yakikatika huacha mfereji wazi, sasa yamerudi na yeye ameenda kazi, yanapitia kwangu yakija huku!"

Mlango wa jikoni ukafunguka, Kemunto akatokea amebeba sinia la chapati. Kemunto ndiye nesi wa ghorofa ya nne. Alikuwa amekuja tangu asubuhi kumsaidia Mama Nekesa kupika.

"Baba Brenda, mimi niko hapa," akasema. "Na maji haijarudi tangu Jumatano."

Yule mzee alikuwa anapangusa uso kwa leso. Akalamba mdomo, akasita, akalamba tena.

"Lakini hii maji iko na chumvi."

Chumba kizima kikanigeukia.

Walipanda wote, sijui mabeseni waliyatoa wapi. Kwa nusu saa nyumba yangu ilijaa watu, Kemunto akikamua taulo zangu, bwana harusi akikunja zulia, mzee wa upara akiwa na soksi tu mbele ya kabati langu. Ndiyo picha niliyoiota miaka minne, na sikuweza kumtazama mtu hata mmoja usoni. Samaki walikuwa salama kwenye maji yaliyobaki. Hakuna aliyewaangalia.

Walipoanza kushuka nilimwambia Mama Nekesa nabadilisha suruali nakuja. Akanishika mkono.

"Pole, Baba Brenda. Wewe baki tu upange nyumba yako. Nimempigia mzee mmoja wa kanisa, atakaa pale."

Alisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko matusi. Nilikaa sakafuni na suti iliyolowa, nikasikia sauti zao kupitia sakafu, kicheko, maombi, halafu vigelegele. Wamekubaliana. Jioni binti mwenyewe, Nekesa, aliniletea sahani ya wali na kuku imefunikwa, akaiacha mezani, akaenda.

Jumatatu nilikutana na Kemunto kwenye ngazi nikamwomba msamaha.

"Maji si kitu," akaniambia. "Maji hata mimi nimewahi kumwaga. Lakini mbona ulisema ni mimi?"

Nilijibana ukutani nikampisha apite. Ninachojua ni kwamba tone lilipoanguka kile kiti cha mjomba kilikuwa bado changu, na ningesema ukweli wangecheka, tungepangusa, tukashuka pamoja. Nimeapa kwamba siku nikiharibu tena kitu, neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu litakuwa "ni mimi". Ila kwa sasa nalifanyia mazoezi peke yangu, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyebisha tena mlango wangu.