Kabula alisema futa ile picha

Akili yangu imegoma kabisa. Leo saa saba mchana nimempigia Kabula kama kila siku, simu haipatikani, nikaanza kulaumu mtandao. Ndipo nikakumbuka kwamba jana tumemzika.

Kwa msiomjua: Kabula alikuwa mratibu wetu wa ulinzi wa watoto huko field. Ziwa lilipopanda na kubeba nyumba za wavuvi pale mwaloni, yeye ndiye aliyekaa na watoto kwenye madarasa ya shule ya msingi, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsaidia nikiwa ofisini Mwanza. Kumsaidia! Neno hilo sasa linanitia kinyaa.

Aliniita Bosi Kiyoyozi. "Bosi Kiyoyozi, huko baridi? Huku tuna darasa zima na choo kimoja."

Siku ya kwanza alikuta ndugu wametenganishwa, huyu darasa hili, yule lile. Akachana vitenge vyake vyote alivyokuja navyo, akawafunga watoto mikononi, kila familia na kitenge chake. Alirudi nyumbani na jinzi mbili, pamoja na nusu ya kitenge cha kijani.

Siku nyingine alikuja mwanaume na soda mbili, anadai ni mjomba wa binti mmoja. Kabula akamuuliza, "Kama ni mjomba, mdogo wake anaitwa nani?" Jamaa akaanza kukohoa. Binti mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya ubao.

Kabula alimwambia akanywe soda zake mbele ya safari. Binti na mdogo wake wakapelekwa kwa familia ya kuwalea, mahali palipojulikana na watu wachache sana. Nilikuwa mmoja wao.

Mimi nilikwenda field mara moja tu. Tukapita kuwasalimia. Binti akamrukia Kabula shingoni, mdogo wake akang'ang'ania mguu, wote wanacheka mbele ya duka la ile familia. Nikapiga picha. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya.

Kabula akageuka. "Futa."

Nikasema ni ya kumbukumbu tu.

"Yule mtu akiiona, amefika. Futa, kaka." Alipoacha kuniita bosi nilijua hatanii. Nikamwambia nimefuta.

Sikufuta. Ripoti ilipokaribia deadline, ofisi ikataka picha yenye hisia. Nikaiweka kwenye folda ya pamoja, nikasahau.

Baada ya hapo akaanza kuomba mtu wa kumpokea kazi. Aliandika email. Alipiga. "Kaka, nimechoka, mwili hauko sawa." Nikapeleka juu. Huko juu wakamtumia mwaliko wa Zoom kuhusu kujitunza kazini. Alijiunga akiwa juu ya mwamba, sehemu pekee yenye mtandao, ukakatika, akaambiwa amekosa cheti. Alinisimulia huku anacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nacheka nini, jamani?

Malaria ilimkuta hivyo, amechakaa. Siku tatu hospitalini, basi.

Sasa twende msibani, nyumbani kwao Kiseke. Naingia getini nakutana na bango kubwa. Ile picha yangu. Kabula, binti, mdogo wake, duka, mpaka jina la duka. Nembo ya ofisi kubwa kuliko jina la marehemu. Chini wameandika: "Alifanya kazi bila kuchoka."

Bila kuchoka? Alichoka! Alituandikia kwamba amechoka!

Mtu wetu wa mawasiliano alikuwa pale, anapiga picha za bango. Nikamwambia waliondoe, na huko mtandaoni walikoiweka pia. Akanijibu kwa upole kabisa, "Imeshapitishwa, kaka. Na engagement ni nzuri mno, watu wanaisambaza."

Nikamfuata mama yake Kabula. Shikamoo mama, marahaba. Nikapiga magoti nikamweleza yote, pamoja na kwamba picha ni yangu na nilimdanganya mwanae.

Akauliza, "Huyo anayewatafuta, bado yupo?"

"Yupo, mama."

Akaingia ndani, akatoka na ile nusu ya kitenge cha kijani. Akaomba kiti, akapanda mwenyewe mbele ya watu wote, akakibana kwa pini juu ya nyuso za watoto na jina la duka. Akabaki Kabula peke yake, anacheka. "Mwanangu alikataa watoto kupigwa picha," akasema, kisha akashuka, akaenda kukaa mkekani.

Lakini mtandaoni nani atafunika? Wameiondoa leo asubuhi, baada ya mimi kugombana na kila mtu, na tayari imeshasambaa magrupu yote. Wengine mmeiweka status, na maua juu yake.

Leo hii wale watoto wamehamishwa tena. Wakati wa kupanda gari binti ameuliza kama Kabula atawakuta huko wanakokwenda. Dereva anasema walifunga tu mlango wa gari, wakaondoka.

Kwa hiyo kama unayo hiyo picha, usiniandikie pole. Futa kwanza. Ukishafuta, mwambie aliyekutumia naye afute. Na ndiyo maana hapa sijaweka picha yoyote.

Kabula dada yangu, nimefuta. Kwenye simu, kwenye folda, kila mahali ninapofikia mimi. Ulitaka nifanye hivyo siku ile ile, ukiwa umesimama mbele yangu, na ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja.

Uliomba kupumzika, hatukukupa. Lala sasa, dada. Saa saba sitakupigia.